Raha ya Jikoni, Kazi ya Mkono na Rafiki Usiyemwona

Wazee wetu walikuwa na neno zuri, nalo ni pumbao. Mtu akisharudi kazini, akaoga, akasali, akala alichojaaliwa, alitafuta pumbao lake: huyu bao la kete, yule karata, mwengine sindano na kofia yake. Siku hizi watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba pumbao hilo laitwa uraibu. Si neno baya, ila ni wachache wakumbukao kwamba uraibu asili yake ni ile tambuu waliyokuwa wakitafuna mabibi zetu: jani, popoo, chokaa na tumbaku. Na ajuaye tambuu ajua kwamba ikishamwingia mtu haimtoki. Leo humliwaza, kesho humtawala. Neno moja, basi, lina nyuso mbili. Namwomba msomaji aliweke neno hilo karibu, kwani mbele ya safari tutalihitaji.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno niyasikiayo barazani, tena yasemwa na watu wazima wenye akili zao. Mwanamume akistaafu, akaingia jikoni kukuna nazi mwenyewe, huambiwa amekwisha. Mtu wa makamo akikaa kibarazani kushona kofia ambayo hakusudii kuiuza, huambiwa amekosa la kufanya. Na mama mtu mzima akionekana ameshika simu, acheka peke yake na rafiki aliyeko Tanga au Unguja ambaye hajapata kumtia machoni, hapo ndipo watu hutikisa vichwa na kusema kwamba dunia imekwisha.

Mimi nasema dunia haijesha, na watu hao si wavivu wala si watoto. Watafuta faraja, na faraja ni haki ya kila mja. Langu la kuongeza ni moja tu: faraja ya nyumbani, iwe ya chungu, ya sindano au ya simu, haitimii mpaka itoke mkononi mwa mwenyewe imfikie mtu mwengine. Ikibaki kwa mwenyewe, hugeuka ikawa upweke uliopambwa.

Na tusidhani kwamba upweke ni maradhi ya Ulaya. Kweli, ni Waingereza waliomteua waziri wa kushughulikia upweke mnamo Januari 2018, na wengi wetu tuliposikia tulicheka, tukauliza, kwani hao hawana majirani? Lakini mwezi wa Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya tume yake, nayo yasema kwamba mtu 1 katika kila watu 6 ulimwenguni asumbuliwa na upweke, na kwamba upweke wahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Tena katika nchi tajiri wanaolalamikia upweke ni kama 11 katika kila 100, ilhali katika nchi maskini ni kama 24. Hesabu hiyo yatuhusu sisi kuliko waliotuchekesha.

Anayetaka ushahidi wa karibu na apite Mji wa Kale wa Mombasa baada ya sala ya isha, au vichochoro vya Lamu, atazame madirisha. Nyumba ya orofa mbili iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mzima, taa iwakayo ni moja. Watoto wamekwenda Maskati, Dubai, Toronto na Nairobi kutafuta riziki, nao hawana lawama. Wengi wao hawawasahau wazazi. Mwisho wa mwezi pesa huingia kwenye simu, na mzee hupata dawa na umeme. Lakini pesa haiketi na mtu ikanywa kahawa naye. Haimuulizi ameamkaje, wala haimwambii kwamba mchuzi wa leo umezidi ndimu.

Tuanze basi na jiko. Mchukue mtu aliyekaa kutwa na dhiki zake, umpe nazi mbili na mbuzi ya kukunia. Hawezi kukuna nazi huku akiwaza deni, atajikwaruza vidole. Akimaliza kukuna, yampasa kukamua: kwanza tui bubu, aliweke kando, kisha tui la pili na la tatu. Kila tui lina wakati wake wa kuingia chunguni, na bubu akilitia mapema na moto ukawa mkali, tui hukatika, mchuzi ukaharibika. Au atengeneze mkate wa sinia. Mchele umerowekwa tangu usiku. Asubuhi husagwa na nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, kisha ukaachwa uumuke. Hapo huna la kufanya ila kungoja. Ukiuharakisha, hauumuki, ukiusahau, wachachuka. Mwishowe wautia motoni, wapalia makaa juu ya kifuniko, na jicho lako haliondoki hapo mpaka uive na harufu ya iliki ijae nyumba. Kwa saa nzima mtu huyo amekuwa mahali pamoja, kwa mwili na kwa moyo. Ni mara ngapi kwa siku twapata bahati hiyo?

Na wasemao kwamba jiko ni la wanawake na warejee chuoni. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imepokewa pia kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Basi nani kati yetu aliye na hadhi ya kukataa? Fauka ya hayo, tazameni harusi zetu. Yale masufuria makubwa ya biriani na pilau, yenye kutiliwa mchele kwa magunia, ni nani wayapikao nyuma ya nyumba wakiwa wamefunga vikoi na jasho lawatiririka? Aghalabu ni wanaume, nao husifiwa na kutunzwa. Yawaje basi upishi wa watu mia tano uwe ni ufundi, na upishi wa watu wawili uwe ni aibu?

Hata hivyo upishi una siri moja ambayo kila mpishi aijua: haupendi mlaji mmoja. Nimewaona wajane na wagane walioacha kupika, si kwa kukosa unga, bali kwa kukosa wa kumpakulia. Huanza kwa kusema, "Leo sina hamu." Kesho chakula huwa ni chai ya rangi na mkate wa duka. Keshokutwa jiko halikuwashwa. Na jiko likizimika, mlango nao huchelewa kufunguliwa, na mtu huyo tukija kumkumbuka ameshakonda na maneno yamemwisha. Ndiyo maana nikasema faraja haitimii kwa mwenyewe peke yake. Chungu chataka mtu wa pili.

Nije kwenye kazi ya mkono. Maalim aliyenisomesha Kurani utotoni alikuwa akishona kofia huku akitusikiliza. Wanafunzi zaidi ya thelathini twasoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake, naye macho yako kwenye sindano. Lakini ukikosea herufi, sindano ilisimama. Hakunyanyua kichwa, hakugomba; sindano ilisimama tu, nawe ukajua urudi nyuma. Nilidhani siku hizo kwamba ashona kwa sababu ya umaskini. Sasa nina umri kama aliokuwa nao yeye, na naona kwamba kofia ndiyo iliyompa subira ya kutuvumilia.

Kofia ya vito si kazi ya siku moja. Nakshi huchorwa kwanza, kisha tundu hutobolewa moja moja, na kila tundu huzungushiwa uzi mpaka likakaa imara. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Siku hizi kofia za mashine zimejaa madukani, zatoka ng'ambo, na bei yake ni ndogo hata fundi wa mkono hawezi kushindana nayo. Ndipo vijana wakauliza, faida yake nini? Faida haiko sokoni pekee. Mabibi zetu waliochana ukindu, wakautia rangi, wakasuka ukili na kuushona mikeka, hawakuwa wakihesabu saa. Walikaa ukumbini watatu wanne, mikono yaenda na vitendawili vyaenda, na mwenye msiba akaletwa akae katikati yao, akapewa ukindu naye asuke. Hakuambiwa, "Pole, sahau." Alipewa kazi ya mkono. Mkono ukishughulika, moyo hupata pa kukaa.

Na hapa pia yuko mtu wa pili. Kofia hushonwa kwa kipimo cha kichwa, na mshonaji aghalabu ajua ni kichwa cha nani: cha mjukuu atakayehitimu juzuu, cha mkwe, cha ndugu aendaye Hija. Kila tundu alitoboalo amfikiria yeye. Hata utungo, ambao ndio uraibu wangu mimi, una tabia hiyo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipotunga utendi wake mashuhuri mnamo 1858 alikuwa mgonjwa, na alimtungia binti yake. Hakutunga ili asomwe na wanavyuo wa karne ya 21. Alikuwa na maradhi, alikuwa na kalamu, na alikuwa na mtu wa kumpa. Ndivyo faraja ilivyo.

Sasa nije kwenye lile liwaudhilo wengi, yaani rafiki wa kwenye simu. Rafiki yangu mmoja, mtu wa dini na wa heshima, aliniambia hivi barazani: "Bwana, urafiki bila ya kuonana ni kivuli bila ya mti." Nilimjibu, "Sheikh, sisi watu wa mwambao ni watu wa mwisho wa kusema hivyo." Naam, kwani ni nani aliyetangulia kufanya urafiki, na hata uhasimu, na watu asiowaona kama si sisi?

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, alijibizana kwa beti na Zahidi Mngumi wa Lamu katika zama ambazo miji yao miwili ilikuwa katika uadui, uadui uliofika hadi vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Watu walikatazana njia, lakini beti zilivuka bahari. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa Dar es Salaam mnamo 1923, washairi walipata uwanja mpana zaidi: wa mji huu akauliza fumbo, wa mji ule akafumbua, na wa tatu akaingia kati kuwaamua. Walitaniana, walikosoana vina, walipeana pole kwa misiba, na miongoni mwao wako waliojuana kwa majina na tungo pekee hadi mauti. Je, hao walikuwa vivuli?

Huko Lamu, katika miaka ya 1970, Ustadh Mahmoud Mau alitunga Wasiya wa Mabanati, utungo wa nasaha kwa mabinti, nao ulienea kwa kanda za kaseti nyumba hadi nyumba. Mama akisikiliza jikoni alihisi aongeleshwa yeye. Na sisi wa rika langu twazikumbuka kadi za salamu za redio. Mtu wa Malindi alikaa na redio yake akawasalimu watu wa Kisumu na Kakamega asiowajua ila kwa yale majina yao ya kujipa, nao wakamrudishia salamu. Hatimaye mashabiki hao waliunda vyama, wakatembeleana, wakachangiana harusi na mazishi. Urafiki ulianza kwa kadi na ukamalizikia makaburini, watu wakitia mchanga.

Basi chombo hubadilika tu. Jana ilikuwa jahazi, gazeti, kadi na kanda. Leo ni simu. Haja ya mtu ni ile ile, kwamba mahali fulani pawe na mtu atakayetambua kwamba leo hukusema kitu.

Tulilionea hilo macho mwaka wa 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi wa Machi, misikiti ilifungwa, na tangu tarehe 27 mwezi huo ikawa marufuku kutoka usiku. Kisha, Mei 2020, Ramadhani iko katikati, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa kabisa, asiingie mtu wala asitoke. Wanaoujua mji huo katika Ramadhani wajua maana yake. Hizo ni saa za watoto kupishana vichochoroni kabla ya magharibi, kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa: kwa huyu kaimati, kwa yule tambi, kwa shangazi vibibi. Mwaka ule wengi waliogopa hata kupokezana sahani. Tarawehe zilisaliwa nyumbani. Baraza zilikuwa tupu, na mbao za bao zikashika vumbi.

Watu walifanya nini? Walipika, na walichokipika wakakipiga picha wakawapelekea wale ambao siku zote huwapelekea sahani. Mama aliyeko ndani ya mji alimfundisha kwa simu binti yake aliyeko Kisauni kukata mahamri. Washairi walitungiana maswali na majibu hadi daku. Waliokuwa na sindano walizitoa makabatini. Picha ya kaimati haishibishi, najua. Lakini iliposhindikana kufika kwa mkono, moyo ulifika kwa njia iliyokuwapo. Asiyeyathamini hayo na aulize waliokuwa peke yao mwezi ule.

Nitatoa mfano mwengine, jina la mwenyewe nikilisitiri. Katika mtaa mmoja wa hapa mjini yuko mama mjane, mwalimu mstaafu, watoto wake wote wako ng'ambo. Anacho kikundi chake kwenye simu, wanawake kumi na mmoja, wa Lamu, wa Mombasa, wa Tanga, wa Pemba na mmoja wa Maskati. Kila Alhamisi mmoja wao hueleza alichopika, kwa kipimo na kwa siri zake, na wenzake hukijaribu kisha wakaleta habari. Mwenye kushona huonyesha kofia ilipofika. Katika hao, wa Tanga ndiye aliyemwingia moyoni zaidi. Kila baada ya alfajiri hutumiana salamu: "Sabalkheri, dada. Umeamkaje?" Miaka mitatu, hawajaonana hata siku moja.

Siku moja salamu ya Tanga haikujibiwa. Alfajiri ya pili pia. Yule wa Tanga alipiga simu, haikupokewa. Akauliza kikundini. Wa Lamu akasema ana mpwa wake wa kike Mombasa, akamtuma. Binti akaenda akiuliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika mlangoni, akabisha, kimya. Ukafunguliwa kwa nguvu. Mama alikuwa sakafuni, sukari imemwangusha, pumzi ziko mbali. Alikimbizwa hospitali na kwa uwezo wa Mungu akapona. Majirani walipoulizwa walisema, "Tulidhani amesafiri." Mlango wa mkabala na wake uko hatua nne.

Miezi ilipopita, wa Tanga alipanda basi akavuka mpaka wa Lungalunga, akaja na mkeka aliousuka mwenyewe. Wakakaa jikoni wakala mkate wa sinia aliokuwa akiuona kwenye picha kwa miaka mitatu. Husemwa kwamba alipouonja alicheka akasema, "Dada, iliki umenificha." Na mwenyewe akajibu, "Ningekwambia yote ungekuja kufanya nini?"

Kisa hicho chakata kwa pande mbili, nami sitaki kuficha hata upande mmoja. Upande wa kwanza wawajibu wanaosema kwamba rafiki wa simu ni kivuli. Kivuli hakipigi simu, hakitumi mpwa, hakipandi basi. Lakini upande wa pili watuhukumu sisi wa mitaani. Habari ya mtu kuanguka Mombasa ilitakiwa itoke Mombasa. Ilipita Tanga na Lamu kwanza, ndipo ikarudi kubisha kwenye mlango ulio hatua nne kutoka kwa jirani. Simu imeziba pengo ambalo halikuwahi kutakiwa kuwapo.

Na hapa narudi kwenye lile neno nililomwomba msomaji aliweke karibu. Simu ni uraibu wa nyuso zote mbili. Yuko ambaye simu humtoa upwekeni, na yuko ambaye simu humfungia upwekeni na kumpokonya ufunguo. Tofauti yao waionaje? Mimi naona vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni kutunga badala ya kusambaza. Mtu apokeaye maneno ya watu asiowajua akayasukuma kwa watu wengine hamsini kabla ya chai, hajazungumza na hata mmoja. Bora sentensi moja yako mwenyewe, "Leo nimepika mbaazi zikaungua," kuliko mawaidha ishirini ya kupokea na kupitisha. Salamu ya kweli ina jina la msalimiwa ndani yake.

Kipimo cha pili ni tahadhari. Matapeli wamejaa, nao huwatafuta wapweke hasa, kwa sababu mpweke hufurahia kila amwitaye kwa upole. Rafiki asiye na sauti, asiye na jamaa wala mji, na ambaye baada ya siku chache ana shida ya pesa, huyo si rafiki. Urafiki wa mbali hujengwa polepole kama kofia ya vito, tundu baada ya tundu. Na siri za nyumba, na picha za watu wa ndani, hazitoki bila ya ridhaa yao. Sitara ya mtu ni ile ile, mlangoni na simuni.

Kipimo cha tatu, nacho ndicho kikubwa, ni mlango wa jirani. Tulifundishwa hadithi ya Abu Dharr (R.A.), jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza kwamba akipika mchuzi auongeze maji na awaangalie majirani zake. Tazameni wepesi wa agizo hilo. Hakuambiwa anunue nyama zaidi. Aliambiwa aongeze maji. Na Bibi Aisha (R.A.) alipouliza, kati ya majirani wawili ampelekee yupi hidaya, alijibiwa kwamba ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hakukatazwa wa mbali, bali alipangiwa nani aanze. Basi nasi tuanzie hapo. Picha ya chakula isitangulie kufika Maskati kabla ya sahani kufika hatua nne.

Ninaloliomba si kubwa wala halihitaji kamati. Babu aliyestaafu apishwe jikoni, na watoto wake wasione haya. Amfundishe mjukuu kukuna nazi, mvulana kwa msichana. Mwenye ufundi wa kofia au wa ukili achague watoto wawili wa mtaani, awape sindano na ukindu baada ya chuo. Mama mwenye marafiki wa simu asichekwe, ila aulizwe, "Leo wamekwambiaje?" na ayasimulie. Na kila nyumba ijue ni nani katika mtaa alalaye peke yake, ipange siku yake ya kumpelekea sahani, kisha siku ya pili iende kuchukua sahani hiyo. Wazee walijua walifanyalo waliposema sahani hairudi tupu. Safari huwa mbili, na katika safari ya pili ndipo utajua kama mwenyewe ameamka.

Nilitunga ubeti mmoja juu ya jambo hili, nikautuma kwenye kikundi chetu cha washairi ili wenzangu waujibu. Nauweka hapa pia, kwa atakayependa kuujibu:

Sahani funika kawa, jirani umtilie,
Na mbali aliyekuwa, salamu zimwasilie,
Moyo ukielemewa, kazi uishikilie,
Faraja ikishazawa, kwa mwenzio itulie.

Majibu yameanza kuja. Mmoja, wa Pemba, amenikosoa kwamba nimeisahau kahawa. Ana haki yake, na jibu lake naliandaa. Lakini kabla ya jibu hilo kuna mchuzi wa papa motoni, na jirani yangu wa kushoto, mzee ambaye wanawe wote wako Dubai, ndiye wa kwanza kupakuliwa.

Wassalaam.